Garimoshi Lenye Jina la Mlima Gelai



Katika Makumbusho ya Reli mjini Nairobi, yaliyofunguliwa mwaka 1971, limehifadhiwa garimoshi namba 5918. Limepewa jina la Gelai, mlima ulioko kaskazini mwa Tanzania, karibu na Ziwa Natron. Mwanafunzi makini hana budi kuuliza: jina la mlima wa Tanzania lilifikaje Nairobi?

Garimoshi hilo ni moja kati ya 34 yaliyoundwa na kampuni ya Beyer Peacock ya Manchester, Uingereza, miaka ya 1955 na 1956, kwa ajili ya Reli na Bandari za Afrika Mashariki. Yalipewa majina ya milima ya nchi zilizohudumiwa na reli hizo. Uzito wa kila moja ulikuwa tani zipatazo 250. Yalivuta mizigo kutoka Mombasa, kwenye usawa wa bahari, hadi Nairobi, penye mwinuko unaozidi mita 1,600. Duniani kote, reli zenye upana wa mita moja hazikuwa na garimoshi la mvuke lenye nguvu kuyashinda.

Mkoloni hakuyanunua kwa huruma. Alitaka pamba na kahawa zifike bandarini, na bidhaa zake zipande bara. Mwafrika aliyelaza mataruma na kutia grisi magurudumu alilipwa ujira mdogo, kwani vyeo na mishahara viliendana na rangi ya mtu.

Baada ya uhuru, mkataba wa mwaka 1967 uliliweka shirika la reli chini ya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Mwaka 1977 Jumuiya ilivunjika, na mali ikagawanywa.

Umbo la garimoshi hilo ni somo tosha. Lina mitambo miwili ya magurudumu, mmoja mbele na mwingine nyuma. Katikati ipo boila moja inayoilisha yote miwili mvuke. Fundi hawezi kulikata katikati akapata magarimoshi mawili. Atapata vyuma chakavu.

Mkataba mpya ulitiwa saini Arusha mwaka 1999. Basi, mwalimu awapelekaye vijana makumbusho asiridhike na kuwaonyesha ukubwa wa chuma. Awafunze ni nani waliolitolea jasho, na kwa nini urithi wao uligawanywa. Mtumishi wa umma naye, anapoketi mezani kujadili mali ya pamoja, akumbuke kwamba boila ni moja.