Mashine Hubaki Shuleni

Kila mwaka, mtihani wa kidato cha nne ukiisha, vijana wasioona hukunja magodoro, hufunga masanduku, huwaaga walimu, na wengi wao huirudisha mashine ya breli stoo. Si yao. Ni ya shule, na Januari yupo mtoto mwingine anayeisubiri. Hapo hakuna wa kulaumiwa, maana mashine ni chache na watoto ni wengi. Lakini kijana anayeshuka matatu kwenye steji ya Bukura, magharibi mwa Kenya, jioni hiyo amefundishwa kuandika tangu utotoni, na sasa hana kalamu.

Kalamu yenyewe ni chuma hasa. Perkins, iliyoanza kutengenezwa Marekani mwaka 1951, ina vibonye sita kwa nukta sita za breli na uzito wa karibu kilo 5. Ikianguka, ihurumie sakafu. Miaka ya karibuni shirika la Kilimanjaro Blind Trust Africa limekuwa likipeleka katika shule za Kenya kifaa chepesi zaidi, Orbit Reader 20, kinachoinua herufi 20 kwa mkupuo chini ya vidole na kubeba rafu nzima ya vitabu katika kadi ndogo. Ni hatua kubwa. Swali la siku ya mwisho, hata hivyo, ni lile lile: kinaondoka na nani?

Katiba ya 2010 ina jibu, ukiisoma polepole. Kifungu cha 54 kinampa mtu mwenye ulemavu haki ya kupata nyenzo na vifaa vya kumsaidia kuvuka vikwazo vya ulemavu wake. Kinasema mtu. Hakikutaja sare wala kengele ya shule.

Utaratibu uliopo, hata hivyo, unamjua zaidi mtoto. Kuna vituo vya kutathmini mahitaji ya watoto kielimu, vilivyoanza mwaka 1984. Kuna taasisi ya KISE, iliyoanzishwa mwaka 1986 kuandaa walimu wa elimu maalumu. Akishatoka shuleni, kijana hubisha hodi kwa Baraza la Taifa la Watu wenye Ulemavu: ajisajili, apimwe hospitalini, kisha aombe kifaa kama mtu ambaye hajawahi kukishika. Sensa ya 2019 ilihesabu Wakenya zaidi ya 900,000 wenye ulemavu, kuanzia umri wa miaka mitano. Hao hawako darasani wote.

Ingekuwa nafuu kuanza mapema. Kijana akiwa kidato cha tatu, jina lake liandikwe kwenye kifaa anachokitumia, na serikali inunue kingine cha kujaza nafasi ile stoo. Hapo mwaka mzima unabaki wa karani kuchelewa, na makarani huchelewa.

Bukura, kwa hakika, si mahali pa kukosa masomo. Chuo cha Kilimo kina mizizi ya miaka ya 1920. Sigalagala, upande wa barabara ya Kisumu, kuna chuo cha ufundi. Mumias kuna shule za viziwi. Kijana anaweza kupata nafasi ya kusoma kabla hajapata kitu cha kusomea.

Wengi wameokolewa na simu. Simu nyingi za Android huja na TalkBack, programu inayosoma skrini kwa sauti, na hailipiwi hata shilingi. Kwenye kompyuta ipo programu kama hiyo, NVDA, iliyoanza mwaka 2006, kazi ya vijana wawili wa Australia, wasioona wenyewe, na hutolewa bure hadi leo. Kijana ambaye simu inamsomea ujumbe wa M-Pesa hamuulizi tena mpwa wake ni pesa ngapi zimeingia, wala hamnong'onezei mwenye duka namba yake ya siri. Mtu mzima huanza kuwa mtu mzima pale anapokuwa na siri zake. Avae visikilizi tu, maana simu hiyo ina mdomo na foleni ya wakala ina masikio.

Kwa asiyesikia vizuri, hesabu ni nyingine. Kifaa cha sikioni anaweza kuondoka nacho, kimo kichwani mwake, lakini betri yake si ile ya redio. Ni kidonge kidogo kama punje ya dengu, na aina nyingi huisha baada ya wiki moja au mbili. Shuleni mwalimu hukumbusha. Nyumbani lazima mtu ajue duka gani mjini lina ukubwa unaotakiwa, na nauli ya kufika huko itoke wapi. Kifaa kizima kikinyamaza kwenye droo kwa ajili ya kidonge hicho, daftari la wafadhili bado litaonyesha kwamba kilitolewa.

Na Bukura ni nchi ya mahindi, kwa hiyo kifaa kizuri kuliko vyote huenda hakina hata waya. Ni kamba ya kupandia. Wakulima huifunga mafundo kila sentimita 25, huitandaza kati ya vigingi viwili, na kila fundo ni shimo moja. Mstari ukiisha, vigingi husogezwa sentimita 75. Kazi yake ni kunyoosha mistari na kupima nafasi tu. Lakini vidole vilivyozoea breli huyasoma mafundo hayo bila kufundishwa upya, na asiyeona akipiga magoti mwezi Machi, mvua zikianza, anaweza kupanda mstari ulionyooka kuliko wa jirani anayekisia kwa macho. Msimu ukiisha, kamba hukunjwa na kutundikwa nyuma ya mlango wa jikoni, nyumbani kwake.