Kadi Nzuri Isiyosomeka

Ndugu msikilizaji, binti wa dada yangu aliolewa mwezi uliopita, nami mjomba wake sikushuhudia. Kadi iliandikwa TANDALE. Mimi nikasoma TANDIKA. Nilizunguka Tandika nzima nikiulizia ukumbi. Nilipofika Tandale, viti vilikuwa vinakusanywa. Dada alinipa mkono bila kunitazama.

Chanzo ni zile herufi zilizolala na kujipinda, wazipendazo wachapaji wa kadi kuanzia Kinondoni hadi Temeke. Si herufi mbaya. Mojawapo, Zapf Chancery, ilichorwa na Mjerumani Hermann Zapf ikatolewa mwaka 1979, kwa kufuata mwandiko wa makarani wa Italia ya kale. Herufi kubwa moja mwanzoni mwa jina hupendeza kweli. Lakini ukizipanga herufi kubwa tupu neno zima, kila moja inaringa kivyake, na msomaji anabaki kubahatisha.

Basi, ndugu zangu wachapaji, yarembeni majina ya maharusi mpendavyo. Ila mahali, tarehe na saa, andikeni kwa herufi za wima zilizo wazi. Kadi ni mwaliko kwanza, urembo baadaye.

Kwa leo ni hayo. Kwaherini.