Seli Tano Ndani ya Damu

Haya jamani, kaeni vizuri. Swali la leo: daktari anajuaje kwamba saratani ya titi imeanza kusafiri mwilini?

Saratani huua zaidi inapohama. Seli chache hujing'oa kwenye uvimbe, huingia kwenye damu, halafu huenda kuweka makazi kwenye mifupa, mapafu au ini. Mwaka 1869 daktari Thomas Ashworth, huko Australia, aliziona kwa hadubini katika damu ya marehemu mmoja aliyekuwa na saratani. Kuzihesabu sasa, hapo ndipo penye kazi!

Mililita moja ya damu ina seli nyekundu kama bilioni 5. Za saratani? Pengine moja, pengine hata hiyo haipo. Mwaka 2004 Marekani iliruhusu kipimo kiitwacho CellSearch. Wanachukua damu mililita 7.5, yaani kijiko kimoja na nusu cha chai, wanatia chembe ndogo za chuma zenye kingamwili inayonasa seli hizo, kisha sumaku inazivuta. Kwa mgonjwa ambaye saratani ya titi imeshaenea, zikifika 5 au zaidi, mara nyingi ugonjwa huwa mkali zaidi.

Sikieni hapa, maana wengi hukosea. Kipimo hiki si cha kumpima mtu anayejiona mzima. Saratani changa inaweza kuwepo na seli zisionekane kabisa. Kwa hiyo dada, ukigusa uvimbe titini, au mama akikuambia anao, msingoje kipimo cha damu. Nendeni hospitali wiki hii hii, wampapase, wapige picha, wachukue kinyama wakipime. Na wewe kaka unayecheka huko nyuma, wanaume nao huugua saratani ya titi.