Shafti Nene na Pinioni Isiyoingia

Juma hili nazungumzia kitu ambacho wengine watasema ni mchezo wa watoto: gari dogo la kuendeshwa kwa rimoti. Asemaye hivyo hajaulizia bei ya mota yake, wala hajamwona mtu mzima, mwenye mke na watoto, amepiga magoti sakafuni saa nne za usiku akijaribu kuisukuma pinioni kwenye shafti isiyoikubali. Pinioni, kwa wasiokuwa mafundi, ni ile gia ndogo inayokaa kwenye ncha ya shafti ya mota na kuizungusha gia kubwa ya gari. Ukubwa wake ni kama ukucha wa kidole gumba, na mara nyingi ndiyo inayokwamisha kazi yote.

Kampuni ya Tamiya ya mjini Shizuoka, Japani, ilitoa gari lake la kwanza la rimoti mwaka 1976. Kwa miaka mingi baada ya hapo, magari ya kipimo cha moja kwa kumi yalizoea mota ya ukubwa ambao wenyewe huuita 540. Mwili wake una kipenyo cha takriban milimita 36, na shafti yake ni thumuni ya inchi, yaani milimita 3.175. Madukani huandikwa 3.17 au 3.2, ni kitu kilekile. Ilikuwa mota ya brashi za kaboni, na kwa nguvu zake za siku zile shafti hiyo ilitosha kabisa.

Mambo yaligeuka miaka ya 2000, zilipoenea mota zisizo na brashi pamoja na betri za lithiamu. Nguvu ikapanda, lakini magari mengi yakabaki na shafti ileile. Gari linaruka tuta, linatua huku mwendeshaji bado amebana gesi, na mzigo wote wa ghafla unaiangukia fimbo ya chuma nyembamba kuliko penseli. Shafti inapinda, au pinioni inazunguka bure juu yake na kuikwangua.

Hivyo basi watengenezaji wakaleta shafti ya milimita 5, ambayo ndiyo ya kawaida katika magari ya moja kwa nane. Msikilizaji atauliza, milimita mbili kasoro zina nini? Zina mengi. Uwezo wa shafti kustahimili msokoto haufuati kipenyo tu, bali kipenyo kikizidishwa kwa chenyewe na kwa chenyewe tena. Ukipiga hesabu utaona kuwa shafti ya 5 inastahimili karibu mara nne ya ile ya 3.17, chuma kikiwa cha aina moja.

Mpaka hapo muuza duka ana haki ya kukusifia shafti nene. Kosa lake ni kunyamaza baada ya hapo.

Kijana mmoja wa mtaani kwetu alinionyesha pinioni tatu alizokwisha kuzinunua kwa ajili ya mota moja. Ya kwanza ilikuwa na tundu dogo. Ya pili tundu lake lilikuwa sawa, lakini meno hayakulingana na gia kubwa. Ya tatu ililingana kote, ila ilikuwa na meno mengi mno, na gari likawa linachemsha mota. Fedha yake ilikwisha kabla gari halijatembea, na wala si mjinga. Hakuna aliyemwambia kuwa pinioni ina vipimo viwili tofauti, tundu na meno, na kwamba kimoja hakikuelezi lolote juu ya kingine.

Meno hupimwa kwa namna mbili. Wenye kutumia inchi husema pichi: pichi 32 maana yake ni meno 32 kwa kila inchi moja ya kipenyo cha gia, na pichi 48 ni meno madogo zaidi. Wenye kutumia milimita husema moduli: moduli 1 ni jino moja kwa kila milimita ya kipenyo. Pichi 32 na moduli 0.8 zimekaribiana kiasi kwamba wengi huzichanganya bila kudhurika. Moduli 1 na pichi 32 hazichanganyiki, la hasha! Zitalia kama mashine ya kusaga karanga, na gia ya plastiki itakwisha meno siku hiyohiyo.

Na hapa ndipo shafti nene inapotuletea neno. Chukua pinioni ya meno 13, pichi 48. Ukiitoboa tundu la milimita 5, chuma kinachobaki kati ya tundu na mashina ya meno ni takriban robo ya milimita. Hicho si chuma, ni ganda la yai. Pinioni ya meno 13 hayohayo, lakini ya moduli 1, inabakiwa na milimita 2 na robo tatu. Ndiyo maana anayetaka shafti ya 5 mara nyingi hulazimika kubadilisha gia kubwa pia, ili zote mbili ziwe za moduli 1. Bei ya mota uliyotajiwa, kwa hiyo, siyo bei ya kazi.

Wapo wanaokwenda kwa fundi na kumwambia apanue tundu la pinioni ya zamani. Kwa drili ya mkono usijaribu. Pinioni nzuri ni ya chuma kilichokomazwa, na tundu likienda upande hata kwa unywele, gia itayumba na kuua beringi za mota. Kama ni lazima, iwe kwenye mashine ya kukereza, na fundi awe anajua anachokifanya.

Kuna pia bushi, kijibomba kilichopasuliwa ubavuni, cha kuiwezesha pinioni ya tundu la 5 ikae kwenye shafti ya 3.17. Ni kifaa halali. Lakini wako wanaokivaa wakidhani wameimarisha gari. Shafti iliyo ndani bado ni ileile nyembamba! Kadhalika zipo mota ambazo shafti yake ni nene ndani na imepunguzwa nchani; huko nchani nguvu yake ni ya wembamba ule.

Kabla ya kununua, basi, pima shafti kwa kalipa, soma maandishi yaliyo kwenye gia kubwa, kisha angalia kitako cha mota kama kina nafasi ya kuisogeza. Kwa gia za moduli 1, kila jino unaloongeza kwenye pinioni huisukuma mota nyuma nusu milimita. Aliyenunua gari lililokwishatumika, ambalo halina kijitabu chake, ahesabu meno kwa mkono na kupima kipenyo.

Wakati wa kufunga, chomoa betri kwanza. Skrubu ndogo ya pinioni ikae juu ya sehemu bapa ya shafti, isikae kwenye mviringo, na itiwe tone la gundi ya skrubu. Pinioni isogezwe karibu na mwili wa mota kadiri gia kubwa inavyoruhusu, kwani ikining'inia nchani huipinda shafti. Weka ukanda wa karatasi ya kawaida kati ya gia mbili, zibane pamoja, kaza mota, kisha vuta karatasi itoke. Hewa iliyobaki ndiyo inayotakiwa.

Endesha dakika tano, simamisha, chomoa betri, uguse mota. Ikiwa huwezi kuacha kidole juu yake, punguza pinioni jino moja au mawili, ukaze upya, ujaribu tena.