MAMA ALIYEPANDA EVEREST, NA NENO LETU KWA KIKUNDI

(Mazungumzo ya Kamati ya Elimu, yaliyosomwa siku ya sherehe ya kutimiza miaka kumi)



Sisi wa Kamati ya Elimu tuliambiwa tuandae mazungumzo. Wengine walidhani tutasema habari za mbolea, au za kuweka hesabu. Hayo tumeyasema miaka kumi. Leo tumechagua habari za mama mmoja wa Japani, mpanda milima, aitwaye Junko Tabei. Msishangae. Sisi tunaamka kila siku tukiutazama mlima. Waume zetu na vijana wetu wamebeba mizigo ya wageni huko juu, na ada nyingi za watoto wetu zimetoka mlimani. Lakini tukiulizana hapa nani kati yetu akina mama amefika Kibo, mikono haiinuki. Basi tusikilize habari za mwanamke aliyefika Kibo, na akafika juu zaidi ya Kibo. Tunayo sababu ya kuzileta leo, mtaiona mwishoni.

Junko alizaliwa tarehe 22 Septemba, 1939, katika mji mdogo wa Miharu, mkoa wa Fukushima. Kwao walikuwa watoto saba. Alikuwa mtoto dhaifu, mwenye kuugua ugua, wala hakuna aliyemtazama akafikiri ana nguvu. Alipokuwa na miaka kumi mwalimu wao aliwapeleka darasa zima kupanda mlima Nasu. Huko akagundua jambo: kumbe mlimani hakuna mashindano ya mbio. Kila mtu anakwenda kwa hatua zake, na wa polepole naye anafika. Akaupenda mlima tangu siku hiyo. Lakini nyumbani fedha haikutosha kwa safari za namna hiyo, kwa hiyo akiwa shule hakupanda mara nyingi.

Alisoma chuo kikuu cha wanawake mjini Tokyo, akahitimu mwaka 1962. Ndipo akajiunga na vyama vya wapanda milima. Humo alikuta karibu wote ni wanaume. Wako waliompokea vizuri. Wako waliokataa kabisa kupanda naye, na wengine walisema ati huyu amekuja kutafuta mchumba tu. Mchumba kweli alimpata, na hakuna ubaya: ni Masanobu Tabei, mpanda milima mwenzake. Huyu baba tutamtaja tena.

Mwaka 1969 Junko na wenzake wakaanzisha chama chao cha wanawake wapanda milima. Shabaha yao ilikuwa moja: twende milima ya ng'ambo sisi wenyewe. Mwaka uliofuata, Mei 1970, wakaenda Nepal, na Junko na mwenzake mmoja wakafika kilele cha Annapurna III, mlima wa mita 7,555. Hakuna mwanamke aliyekuwa amefika pale kabla yao.

Hapa, akina mama, tunaomba msikilize kwa makini. Safari ile haikuwa nyepesi, na si kwa sababu ya baridi peke yake. Wale wanawake walilelewa, kama sisi tulivyolelewa, kwamba mwanamke mwenye adabu halalamiki. Ukichoka, nyamaza. Usipojua, jifanye unajua. Ukihitaji msaada, vumilia. Huku nyumbani tunaita heshima. Kule juu inaua watu. Anayeficha kwamba kichwa kinamuuma, au kwamba miguu imekufa ganzi, anawahatarisha wote waliofungwa naye katika kamba moja. Mlima ukawalazimisha kusema: hapa nimeshindwa, nisaidieni. Walijifunza kwa taabu, na kwa magomvi pia.

Baada ya hapo wakaazimia kwenda Everest, mlima mrefu kuliko yote duniani, zaidi ya mita 8,800. Waliomba kibali kwa serikali ya Nepal, wakapewa nafasi ya mwaka 1975. Ilikuwa miaka ya kungoja, na miaka ya kutafuta fedha. Walizunguka kwa wafadhili. Majibu waliyopewa mnayajua hata kabla hatujasema: wanawake wabaki nyumbani walee watoto. Mwishoni gazeti moja kubwa na kituo cha televisheni wakakubali kuchangia. Hata hivyo haikutosha. Kila mwanachama alitakiwa kutoa mchango wake, na kwa Junko mchango huo ulikaribia mshahara wake wa mwaka mzima! Akafundisha watoto piano ili aupate.

Sasa oneni akili ya akina mama. Vifuniko vya viti vya gari walivishona vikawa mifuko isiyopitisha maji na glovu za kuvaa juu ya glovu. Walinunua manyoya ya bata bukini kutoka China, wakashona mifuko yao ya kulalia. Kati yao walikuwamo walimu, na wanafunzi wao waliwawekea pakiti za jamu zilizobaki shuleni. Haba na haba, jamani. Sisi tuliochangia sufuria za kwanza za kikundi, huyu na kifuniko, yule na mwiko, tunaelewa lugha hiyo.

Walikwenda wanawake 15. Kiongozi wao alikuwa Eiko Hisano, na Junko alikuwa msaidizi wake. Junko aliacha binti mdogo wa miaka mitatu hivi. Aliyebaki akimlea ni yule Masanobu, pamoja na ndugu. Waume zetu mliopo hapa, tumewaambia kwamba tutamtaja tena!

Usiku wa tarehe 4 Mei, 1975, wakiwa wamelala kambini mita 6,300 juu, theluji iliporomoka mlimani ikayafunika mahema. Junko alifukiwa chini na wenzake, akapoteza fahamu dakika kama sita, mpaka Masherpa, wale wenyeji wa milima ya Nepal wanaoongoza wageni na kubeba mizigo yao, walipomchimbua. Kwa bahati hakufa mtu. Lakini mwili wote uliumia, hakuweza kutembea vizuri kwa siku mbili. Alipoweza kusimama akaendelea na kazi.

Mpango wao ulikuwa wanawake wawili wafike kileleni. Lakini Masherpa waliugua kwa ajili ya urefu wa mlima, na mitungi ya hewa ya kutosha watu wawili haikuweza kupandishwa. Ilibaki nafasi ya mmoja. Basi Hisano, yeye kiongozi, akamtaja Junko. Wenzetu, fikirini neno hilo. Wanawake 15 walichanga, walishona, waliacha nyumba zao, na kilele kimebaki cha mtu mmoja. Wale 14 hawakuvunja kambi wakarudi kwao. Kazi ya kila mmoja iliyomfikisha mwenzao pale ilikuwa imekwisha kufanyika, na waliihesabu kuwa yao wote.

Tarehe 16 Mei, siku 12 baada ya kufukiwa, Junko alipanda pamoja na Sherpa Ang Tsering. Karibu na kilele walikuta ukingo mwembamba wa barafu, ambao hakuna taarifa ya waliotangulia iliyoutaja. Ilimbidi atambae kwa ubavu, kifua upande wa China na miguu upande wa Nepal. Akavuka. Akafika. Akawa mwanamke wa kwanza duniani kusimama juu ya Everest, akiwa na miaka 35. Siku 11 baadaye mama mwingine, Phanthog wa Tibet, alifika kileleni kwa upande wa kaskazini.

Sifa zilipoanza kummiminikia, Junko alipenda zaidi akumbukwe kuwa mtu wa 36 kufika pale. Hakutaka kujitenga na waliotangulia.

Aliendelea kupanda. Katika miaka ya 1980 alikuja kwetu akaupanda Kilimanjaro, na bila shaka mizigo ilibebwa na watu wa huku. Alipanda Aconcagua kule Argentina mwaka 1987, Denali kule Alaska mwaka 1988, Elbrus mwaka 1989, Vinson kule Antaktika mwaka 1991, na Puncak Jaya kule Indonesia mwaka 1992. Kwa hiyo akawa mwanamke wa kwanza kumaliza vilele virefu vya mabara yote saba. Uzeeni alirudi darasani, akasomea katika Chuo Kikuu cha Kyushu habari za takataka zinazoachwa Everest na wapanda milima. Baada ya tetemeko na mawimbi makubwa ya bahari yaliyoipiga Fukushima mwezi Machi 2011, alikuwa akiwaongoza vijana wa mkoa ule kuupanda mlima Fuji ili wapate moyo. Aliendelea hata alipokuwa na saratani. Alifariki tarehe 20 Oktoba, 2016, akiwa na miaka 77.

Sasa tuje nyumbani.

Miaka kumi hii tumefanya mengi, na Katibu ameyasoma: watoto waliosomeshwa, mabati, ng'ombe wa maziwa, mashine ya kusaga. Tunashukuru. Lakini kamati yetu imeona si haki kusherehekea bila kusema moja linalotuuma.

Mnakumbuka mwaka wa tatu. Mwenzetu mmoja, hatumtaji, aliacha marejesho mara mbili, kisha akaacha kuja kikaoni. Sisi tulifanya nini? Tuliandika jina lake katika daftari kwa wino mwekundu, tukalisoma mbele ya wote. Tulipita mlangoni kwake kwenda sokoni, hatukubisha hodi. Baadaye sana tukasikia kwamba mtoto alikuwa amelazwa, na hisa zake zote na mbuzi wake vilikwisha kwa matibabu. Yeye hakusema kwa aibu. Na sisi hatukuuliza kwa hasira. Mpaka leo hajarudi, na akituona njiani anageuza uso. Fedha ile tuliifidia zamani. Mwenzetu hatujamfidia.

Yeye alifanya kama wale wanawake wa Annapurna kabla hawajajifunza: alinyamaza. Kosa kubwa ni letu, maana tulikuwa tumemfundisha kwamba ukisema, utaaibishwa.

Kwa hiyo tunaleta mapendekezo matatu, yapigiwe kura jioni hii kabla ya chakula.

Kwanza, mwanachama akiona marejesho yatamshinda, amwambie Mweka Hazina kabla ya siku ya kikao, naye apewe muda bila faini.

Pili, jina la mdaiwa lisisomwe tena hadharani. Akikosa vikao viwili, wawili kati yetu waende kwake, waende na unga au sukari, waulize hali kwanza, deni baadaye.

Tatu, ujumbe uende wiki hii kwa yule mwenzetu wa mwaka wa tatu. Kamati yetu iko tayari kwenda. Hatuendi kudai. Tunakwenda kuomba radhi, na kumwambia kwamba nafasi yake ipo.

Wako watakaosema kwamba tukilegeza hivi, watu watatudanganya. Huenda mmoja wawili wakatudanganya kweli. Lakini kikundi kinachompoteza mtu mkweli ili kumkomesha mdanganyifu, hicho kimepata hasara mara mbili. Na anayesema mapema deni lake likiwa dogo, anasaidika. Anayenyamaza mpaka limekuwa kubwa, anatuangusha sote, maana tumefungwa kamba moja.

Akina mama wenzetu, tunayo azma ya kununua kiwanja mwaka ujao, na mchango wake si mdogo. Tutaufikia kama wale walivyofikia, kwa kushona na kungoja zamu. Ila tusiende na mtu mmoja pungufu kwa sababu tu tulishindwa kubisha hodi.

Wanaounga mkono mapendekezo haya, tunaomba jioni mnyooshe mikono bila woga.

Akina mama oyee! Umoja oyee!