Mchezaji Aliyekubali Kufundisha

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanafunzi wa zamani na wa sasa, Tabora)



Katibu aliponiomba niseme leo, aliniambia nichague jambo lolote isipokuwa siasa na bajeti. Ukimwondolea mtumishi wa serikali hayo mawili, hubaki na machache ya kusema. Nimechagua mpira wa kikapu. Najua wamo humu wazee wasiouhesabu mpira wowote ila ule wa miguu. Nawaomba wanivumilie kwa muda wa robo saa.

Kila aliyesoma hapa amepita chini ya miembe ya mji huu na kusimuliwa habari za misafara iliyotoka Bagamoyo, ikafika Unyanyembe, ikaendelea hadi Ujiji. Tulikariri majina ya matajiri na ya Wazungu waliopita. Tulipelekwa Kwihara kuona tembe alimokaa Livingstone mwaka 1872. Lakini kuna cheo kimoja ambacho sikumbuki kukiona katika karatasi yoyote ya mtihani, nacho ni cheo cha kirangozi. Huyu alikuwa mtu wa mbele katika msafara, mshika bendera, mwenye kujua maji yako wapi na hongo italipwa kwa nani. Mali haikuwa yake. Katika misafara ya Wanyamwezi wapagazi wenyewe ndio waliomchagua, nao walitaka mtu aliyekwisha kuipita njia ile na mzigo begani. Pembe ya frasila mbili ni zaidi ya kilo 30. Mtu aliyeibeba miezi mitatu haambiwi na kitabu mahali gani watu watachoka. Na tusisahau kuwa wanawake nao walikuwamo katika misafara ile, wakitembea na wakibeba, ingawa waandishi wa zamani waliwataja kwa nadra.

Leo nitawaeleza habari za kirangozi mmoja wa siku hizi. Si Mnyamwezi. Ni mama Mmarekani mweusi, na msafara wake ni wa wasichana wa chuo kikuu.

Jina lake ni Dawn Staley. Alizaliwa mwaka 1970 katika jiji la Philadelphia, kitinda mimba wa watoto watano, akakulia katika nyumba zilizojengwa na serikali kwa ajili ya watu wa kipato kidogo. Mama yake alikuwa akisafisha nyumba za watu. Mpira aliujifunza mtaani, akicheza na wavulana, na urefu wake ni kama sentimeta 168 tu. Vijana mnaodhani mchezo huu ni wa watu warefu kama ndugu yetu Hasheem Thabeet, aliyetoka Dar es Salaam akaenda Chuo Kikuu cha Connecticut na mwaka 2009 akachaguliwa wa 2 katika NBA, liwekeni hilo akilini. Kazi ya Staley uwanjani ilikuwa kuupandisha mpira na kuupanga mchezo, na kwa kazi hiyo macho hushinda miguu.

Aliichezea Chuo Kikuu cha Virginia, akafika nayo katika timu 4 za mwisho za taifa mara 3, na mara zote 3 akarudi bila kombe. Baadaye akacheza kwa malipo, akatwaa medali za dhahabu za Olimpiki mwaka 1996, 2000 na 2004. Katika michezo ile ya mwisho, kule Athens, ndiye aliyebeba bendera ya nchi yake. Wazee, mnaona bendera imerudi.

Sasa nafika kwenye jambo lililonifanya nimchague. Mwaka 2000, akiwa bado mchezaji hodari, Chuo Kikuu cha Temple cha mjini kwao kilimwomba afundishe timu ya wanawake. Hakutaka. Amesema mwenyewe hadharani kwamba hakuwa na nia ya kuwa kocha. Alikuwa mchezaji, na mchezaji akiwa katika nguvu zake huona benchi kuwa ni mahali pa waliochoka. Mkuu wa michezo wa chuo kile hakumbembeleza kwa sifa. Alimwuliza kama angeweza kuigeuza timu iliyokuwa imelala. Mtu aliyekulia mitaa ile akiulizwa kama anaweza, hawezi kusema hapana. Akakubali. Kwa miaka sita hivi akafanya kazi zote mbili, majira ya baridi akifundisha na majira ya joto akicheza, hadi alipostaafu kucheza mwaka 2006. Katika misimu 8 Temple ilifika mashindano ya taifa mara 6.

Hebu fikirini jambo hilo. Mchana unamwambia binti wa miaka 19 kwamba asiutoe mpira kwa papara, na miezi michache baadaye wewe mwenyewe uko uwanjani mbele ya watu maelfu, naye anakutazama kama utautoa kwa papara.

Mwaka 2008 akahamia Chuo Kikuu cha South Carolina, katika jimbo ambalo mama yake alitoka. Msimu wa kwanza timu yake ilishinda michezo 10 ikafungwa 18. Nawaomba wale wenzangu ambao ni wajumbe wa bodi, kamati na vilabu wazitazame namba hizo. Kwetu kocha akifungwa mitatu mfululizo, mkutano wa dharura huitishwa kabla jasho halijakauka. Wao walimngoja. Ubingwa wa kwanza wa taifa ulikuja mwaka 2017, yaani msimu wa 9. Wa pili ukaja 2022, na wa tatu 2024, timu ikiwa imecheza michezo 38 bila kufungwa hata mmoja. Katikati ya hapo, mwaka 2021, aliiongoza timu ya taifa ya wanawake ya Marekani kutwaa dhahabu katika Olimpiki ya Tokyo.

Lakini mimi hupenda kuwasimulia watu michezo aliyofungwa. Mwaka 2021, katika nusu fainali, South Carolina ilikuwa nyuma kwa pointi 1 dhidi ya Stanford. Sekunde za mwisho mpira ukagonga chuma, binti mmoja, Aliyah Boston, akaurudisha juu, nao ukakataa kuingia. Ikawa 66 kwa 65. Yule binti alilia pale pale uwanjani, na picha ile ikaonyeshwa kote. Mwaka uliofuata Boston huyo huyo alikuwa nguzo ya timu iliyowafunga Connecticut 64 kwa 49 katika fainali. Mwaka 2023 wakafika nusu fainali bila kufungwa, wakakutana na Iowa, wakafungwa 77 kwa 73. Mwaka 2024 wakaifunga Iowa ile ile 87 kwa 75 na kutwaa kombe. Mwaka 2025 wakafika fainali tena, wakapigwa 82 kwa 59. Kocha ambaye yeye mwenyewe alirudi mikono mitupu mara 3 alipokuwa mwanafunzi ana neno la kumwambia binti anayelia. Mwingine atampa kitambaa tu.

Kuna desturi ya kule ambayo nadhani itawapendeza. Timu ikitwaa ubingwa, huletwa ngazi, wakapanda mmoja mmoja kuukata wavu, kila mtu akaenda na kipande chake. Mwaka 1999 Carolyn Peck, akifundisha Purdue, alikuwa mwanamke mweusi wa kwanza kutwaa ubingwa huo akiwa kocha. Baadaye alimpa Staley kipande cha wavu wake akitunze, naye akishinda ampe mwingine. Staley aliposhinda, hakumtafuta mmoja. Mwaka 2021 aliukatakata wavu wa 2017 akawapelekea makocha wakuu wanawake weusi wa vyuo vya daraja la juu, kila mmoja kipande.

Nitasema neno juu ya fedha, maana najua mhasibu wetu anasubiri. Mwaka 1972 Marekani ilitunga sheria kwamba shule na vyuo vinavyopokea fedha za serikali visibague wanawake, na sheria hiyo ikafungua milango ya michezo. Kabla yake, zaidi ya timu 9 katika kila 10 za wanawake vyuoni zilifundishwa na wanawake, wengi kwa ujira mdogo au bila ujira. Ajira ilipoanza kuwa na mshahara wa maana, wanaume wakaja kuiomba, na hesabu ya makocha wanawake ikashuka chini ya nusu. Kwa hiyo mwezi Januari 2025, Staley alipopewa mkataba wa kiasi cha dola milioni 4 kwa mwaka, watu waliona zaidi ya mshahara wa mtu mmoja. Mimi sisemi tulipane hivyo hapa. Hata posho ya nauli ingetosha kuanzia.

Sasa nirudi kwetu, na niseme lililonileta.

Wengine mnakumbuka kuwa nilicheza kikapu hapa. Sikuwa hodari sana, lakini niliupandisha mpira. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa ofisi ya wilaya moja iliyo kando ya reli hii. Mwalimu wa kike wa shule moja ya wasichana alikuja ofisini. Timu yake ilikuwa inakwenda mashindano ya mkoa ya UMISSETA, naye alikuwa hajawahi kucheza. Alikuwa akifundisha kwa kusoma kitabu cha sheria. Aliniomba jioni mbili kwa juma. Nilimwambia tuko katika msimu wa bajeti. Ilikuwa kweli, lakini haikuwa sababu. Sababu ni kwamba niliona si hadhi ya afisa kudunda mpira mbele ya mabinti, na moyoni nilisema kwamba mchezo wao si mchezo hasa. Walikwenda, wakatolewa katika mchezo wa pili.

Juma lililofuata nikakutana na mmoja wao sokoni. Akanipa shikamoo, nikaitikia, kisha akaniuliza: "Mheshimiwa, wakitubana tangu chini ya goli letu, mpira tunautoaje?"

Jibu nililijua. Mwalimu wetu wa michezo alitufundisha katika uwanja ule pale, siku moja ya jua kali: usiudunde kuelekea pembeni, maana mstari ni mlinzi wa tatu, mwenzako mmoja aje katikati, aupokee, ageuke, na mbele kutakuwa kweupe. Ni maneno ya dakika mbili. Nilimweleza yule binti, nikamchorea kwa kijiti mavumbini kando ya mafungu ya nyanya. Akatazama mchoro, akasema, "Kumbe ni hivyo tu," akaenda zake. Hakuwa na hasira. Mimi ndiye niliyebaki nimesimama pale na kile kijiti. Alikuwa kidato cha nne, na mashindano mengine ya shule hakuyapata tena.

Mwaka 2022 michezo ya taifa ya shule ilipofanyika hapa Tabora, nilichukua likizo ya siku mbili nikaja kutazama kikapu cha wasichana. Wapo wenye macho, Ndugu Mwenyekiti. Wapo wenye kuupandisha mpira kichwa kikiwa juu. Tangu mwaka ule Jumamosi asubuhi huwa nipo uwanjani na mabinti 14 wa mahali ninapofanya kazi sasa, na mwalimu wao wa kike anasimama kando yangu na daftari. Nimempa miaka miwili aichukue timu, nami nibaki mbeba maji. Mwezi uliopita tulifungwa pointi 30. Tunaendelea.

Humu ukumbini nawaona wasiopungua saba waliochezea shule hii kikapu, mbali na waliocheza wavu na mikono. Nawajua kwa majina na kwa vitambi. Kila mmoja anakaa karibu na shule fulani yenye wasichana na isiyo na mtu wa kuwafundisha. Sitaki mchango wa fedha usiku huu. Nimeomba karatasi iwekwe juu ya meza ya katibu, pale mlangoni mnapopita kwenda kula. Andika jina, mahali unapokaa, na mchezo uliocheza. Jina langu liko mstari wa kwanza, na kalamu nimeiacha hapo hapo.