Kufuli Lililosahaulika katika Daftari la Pamoja

(Mazungumzo kwa makatibu na wanachama wa vyama vya msingi, Igalula)



Reli ya Kati ilifika Tabora mwaka 1912, na wakazi wa Igalula waijua desturi yake: njia ni moja, hivyo treni haiingii katika kipande cha njia mpaka ihakikishwe kwamba iliyotangulia imekwisha kutoka.

Daftari la kompyuta linalotumiwa na makarani wengi kwa pamoja lina desturi kama hiyo. Karani afunguapo daftari lililotengenezwa kwa Microsoft Access, programu huweka kando yake faili dogo la kufuli, lenye jina lile lile la daftari na mwisho wa laccdb. Kabla ya toleo la mwaka 2007 mwisho huo ulikuwa ldb. Ndani yake huandikwa jina la kila kompyuta iliyoingia. Mtu wa mwisho atokapo, faili hilo hufutika lenyewe. Lakini umeme ukikatika wakati uzito wa tumbaku unaandikwa, kufuli hubaki, na kesho yake huenda karani akaambiwa kuwa daftari linatumiwa na mtu mwingine, ingawa ofisi ni tupu.

Hapo ndipo haraka huleta hasara. Daftari huishia kwa accdb, kufuli kwa laccdb. Tofauti ni herufi moja tu, na kompyuta nyingi za Windows huificha miisho hiyo isionekane. Afutaye kwa kukisia aweza kufuta kilo na madaraja ya msimu mzima, wakulima wakabaki na stakabadhi mikononi bila daftari la kuzilinganisha nalo.

Katibu mwangalifu huanza kwa watu, si kwa mashine. Humtaka kila karani afunge daftari, pamoja na yule wa chumba cha pili ambaye husahau daima. Kisha hulifungua yeye peke yake na kulifunga vema. Mara nyingi kufuli huondoka. Likibaki, kwanza hunakili daftari mahali pengine, ndipo afute lile la laccdb tu. Windows ikikataa kwa kuwa faili linatumika, basi yumo mtu bado, au kompyuta mojawapo imeganda na yapasa izimwe na kuwashwa upya.

Iwapo kufuli hubaki kila jioni bila umeme kukatika, makarani wasilaumiwe. Aghalabu wamepewa ruhusa ya kusoma na kuandika katika folda ya pamoja, ila hawakupewa ya kufuta. Fundi aitwe awape ruhusa hiyo kabla ya masoko ya tumbaku kufunguliwa.